Usimbaji wa mtandao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaofanya kazi na mitandao ya mawasiliano na wa wanafunzi wanaokutana na mada hii kwa mara ya kwanza. Hesabu zilizomo hazizidi kujumlisha, kuzidisha na kutatua milinganyo sambamba. Anayeijua vizuri XOR, yaani operesheni ya kulinganisha biti mbili, anaweza kuruka maswali mawili ya mwanzo.

## Usimbaji wa mtandao ni nini?

Ni mbinu inayoziruhusu nodi za katikati ya mtandao, yaani vifaa vinavyopokea na kupitisha data, kuchanganya pakiti (vipande vya data) kabla ya kuzituma mbele. Ruta ya kawaida ni tarishi: inapokea pakiti, inasoma anwani, inaipitisha kama ilivyo. Ikibidi itaitolea nakala, lakini kilichomo ndani haikigusi. Usimbaji wa mtandao unavunja desturi hiyo. Nodi yenye pakiti mbili inaweza kutuma ya tatu iliyokokotolewa kutokana na hizo mbili, na mpokeaji akishakusanya michanganyiko ya kutosha anakokotoa kinyume mpaka azipate pakiti za mwanzo.

Ukubwa haubadiliki. Pakiti mbili za baiti 1,400 zikichanganywa zinatoa pakiti ya baiti 1,400, si 2,800. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu ni wazi kwamba taarifa za pakiti mbili haziwezi kuenea ndani ya moja. Na kweli hazienei. Mchanganyiko una faida kwa yule tu ambaye tayari ana sehemu ya jibu, au atakayepata michanganyiko mingine baadaye.

## Naweza kuona mfano wa biti zenyewe?

Chukua pakiti A yenye biti 1011 na pakiti B yenye biti 0110. XOR inalinganisha biti moja moja: zikifanana jibu ni 0, zikitofautiana jibu ni 1. Kwa hiyo A XOR B ni 1101.

Sasa mpokeaji aliyekuwa na 1011 akipokea 1101, anafanya XOR ya hizo mbili na kupata 0110, yaani B. Aliyekuwa na 0110 akifanya vivyo hivyo anapata 1011, yaani A. Pakiti moja iliyotumwa imewafaa watu wawili waliokosa vitu tofauti. Ambaye hakuwa na chochote amepata 1101 ambayo kwa sasa haimwambii lolote, lakini asiitupe: ikimfikia A au B baadaye, ataifungua.

## Kuchanganya pakiti kunaongezaje uwezo wa mtandao?

Mfano unaotumika kila mahali ni mtandao wa kipepeo, ulioitwa hivyo kwa umbo la mchoro wake. Kuna mtumaji S mwenye pakiti A na B, na wapokeaji wawili, X na Y, ambao kila mmoja anazitaka zote mbili. Kila kiungo kinabeba pakiti moja kwa zamu. S anatuma A upande wa kushoto na B upande wa kulia. A inamfikia X moja kwa moja, B inamfikia Y moja kwa moja, na nakala za zote mbili zinakutana katikati, kwenye kiungo kimoja ambacho wapokeaji wote wawili wanakitegemea.

Hapo ruta ya kawaida lazima ichague. Ikipitisha A, Y anakamilika lakini X anapokea A mara ya pili. Ikipitisha B, anayekamilika ni X. Hata zamu zikipangwa kwa ustadi wote unaowezekana, wapokeaji wote wawili hawawezi kupata zaidi ya wastani wa pakiti 1.5 kwa zamu. Nodi ya katikati ikituma A XOR B badala yake, X anaitoa B kwa kutumia A aliyonayo, na Y anaitoa A kwa kutumia B. Ni pakiti 2 kwa kila zamu, na hakuna kiungo kilichoongezwa.

Zaidi ya 2 haiwezekani. Hesabu viungo vichache kabisa ambavyo ukivikata S hawezi tena kumfikia X: ni viwili. Kwa Y pia ni viwili. Kwamba mkato mdogo kabisa ndio unaoweka kikomo cha mtiririko kati ya mtumaji mmoja na mpokeaji mmoja ni jambo lililojulikana tangu 1956, kwa kazi ya Ford na Fulkerson. Swali lilikuwa: wapokeaji wakiwa wengi na wote wanataka kitu kilekile, je, wote wanaweza kukifikia kikomo hicho kwa pamoja? Kwa kupitisha pakiti tu, si kila mara. Kwa kusimba, ndiyo.

## Nani alianzisha wazo hili?

Makala iliyofungua njia ni ya Rudolf Ahlswede, Ning Cai, Shuo-Yen Robert Li na Raymond Yeung, iliyotoka mwaka 2000 katika jarida la IEEE Transactions on Information Theory. Mwaka 2003 Li, Yeung na Cai walionyesha kwamba kwa mtumaji mmoja na wapokeaji wengi, michanganyiko ya kuzidisha na kujumlisha tu inatosha. Mwaka huohuo Ralf Koetter na Muriel Médard waliligeuza suala zima kuwa la aljebra, na Tracey Ho na wenzake wakatoa toleo la nasibu, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililolitoa wazo hili ubaoni na kulipeleka kwenye mashine.

Kuna mpaka unaofaa kujulikana mapema. Mwaka 2005 Dougherty, Freiling na Zeger walionyesha kwamba watumaji na wapokeaji wakiwa wengi wenye mahitaji tofauti, usimbaji wa kuzidisha na kujumlisha hautoshi kila mara. Anayekuahidi suluhisho moja la mitandao yote hajafika huko.

## Kama nina mtumaji mmoja na mpokeaji mmoja, kuna faida?

Kama hakuna pakiti zinazopotea, hakuna. Upangaji mzuri wa njia unafikia kikomo bila kusimba chochote, na ukiongeza usimbaji unajiongezea kazi bure.

Pakiti zikianza kupotea njiani, hesabu inabadilika, na kwa mitandao mingi tunayoitumia hapo ndipo penye faida kubwa kuliko kwenye kipepeo. Kipepeo ni mchoro mzuri wa kufundishia, ila ukitafuta umbo lake ndani ya mtandao halisi unaweza kutafuta sana.

## Usimbaji wa nasibu unafanyaje kazi?

Mtumaji anagawa data katika mafungu. Tuseme fungu moja lina pakiti 32. Badala ya kutuma pakiti ya kwanza, ya pili na kuendelea, kila mara anachagua namba 32 kwa nasibu, anazidisha kila pakiti kwa namba yake, anajumlisha yote, na kutuma jumla hiyo pamoja na orodha ya namba alizotumia. Orodha hiyo tuiite vizidishi.

Kwa mpokeaji, kila pakiti inayofika ni mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana 32. Akipata milinganyo 32 isiyorudiana, anaitatua kwa njia ileile ya kuondoa kisichojulikana kimoja kimoja inayofundishwa sekondari, na fungu limekamilika. Hajali amepokea ipi kati ya zilizotumwa, wala zimefika kwa mpangilio gani. Zilizopotea hazina jina. Kinachohesabiwa ni idadi tu, na mpokeaji akihitaji zaidi hasemi "nitumie ya 17", anasema "nimepungukiwa na 3".

Nodi ya katikati nayo haihitaji kufungua chochote. Ikiwa imepokea michanganyiko 5, inaizidisha kwa namba mpya za nasibu, inaijumlisha, inavizidisha na kuvijumlisha vizidishi vyake vivyo hivyo, na inatuma. Matokeo bado ni mchanganyiko halali wa pakiti 32 za mwanzo. Haisubiri fungu likamilike, haimuulizi mtumaji, na haihitaji kulijua umbo la mtandao.

## Kuna hatari gani namba za nasibu zikatoa mlinganyo usio na faida?

Ipo, na ni rahisi kuiona. Tuseme fungu lina pakiti tatu, P1, P2 na P3, na tunatumia XOR. Mpokeaji anapata P1 XOR P2, kisha P2 XOR P3, kisha P1 XOR P3. Ana pakiti tatu mkononi, lakini ya tatu ni XOR ya mbili za kwanza. Angeweza kujitengenezea mwenyewe. Amebaki na milinganyo miwili yenye faida na hawezi kufungua hata pakiti moja. Ikifika P1 XOR P2 XOR P3, mambo yanafunguka yote: anaiunganisha na P1 XOR P2 anapata P3, kutoka hapo P2, kisha P1.

Ukubwa wa hatari unategemea namba ngapi zinapatikana za kuchagua. Hesabu hufanywa ndani ya uga wa Galois, yaani seti yenye idadi maalumu ya namba ambamo kujumlisha, kuzidisha na kugawanya hakukutoi nje ya seti hiyo. Uga ukiwa na namba 2 tu, yaani XOR tupu, uwezekano wa pakiti za kwanza, sawasawa na idadi ya fungu, kutosha kulifungua ni karibu 29% kwa fungu lisilo dogo sana, na kwa wastani utahitaji pakiti 1.6 za ziada. Uga ukiwa na namba 256, ambapo kila namba inaenea ndani ya baiti moja, uwezekano unapanda hadi zaidi ya 99.6%, na ziada ni takriban pakiti 1 kwa kila mafungu 250.

Ndiyo maana 256 imekuwa chaguo la wengi. Uga wa 2 bado una nafasi yake kwenye vifaa vidogo ambavyo havimudu hesabu za kuzidisha, na fungu likiwa la pakiti 100, ziada ya 1.6 si hasara ya kutisha.

## Hii inatofautianaje na misimbo ya kurekebisha makosa kama Reed-Solomon au Raptor?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aliulize kabla ya kununua au kujenga chochote, maana bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina la usimbaji wa mtandao husimba kwa mtumaji na kusimbua kwa mpokeaji, basi. Huo ni ulinzi wa kawaida dhidi ya upotevu. Si jambo baya, ila kwa kazi hiyo Raptor na ndugu zake wanakuwa mahiri na wepesi zaidi kwenye mafungu makubwa.

Kinachoutofautisha usimbaji wa mtandao ni kusimba upya katikati ya njia. Tazama njia yenye hatua tatu, kila hatua ikipoteza 10% ya pakiti, na unataka 100 zifike. Ukisimba mwanzoni tu, zitakazofika ni 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 72.9% ya ulizotuma. Kwa hiyo mtumaji lazima atoe takriban 137. Hatua ya pili inabeba 123 na ya tatu 111, jumla 371. Kila nodi ikisimba upya, kila hatua inajazia upotevu wake yenyewe: 111, 111, na 111, jumla 333. Na kilicho muhimu kuliko jumla ni kwamba hatua ya kwanza sasa inabeba 111 badala ya 137. Kama hatua hiyo ndiyo iliyobanwa, kasi ya njia nzima imepanda kutoka 72.9% hadi 90% ya uwezo wa kiungo.

Ongeza hatua na pengo linapanuka. Kwa hatua kumi za namna hiyo, usimbaji wa mwanzoni tu unabaki na karibu 35%, ilhali kusimba upya kunabaki kwenye 90% ileile, ukiacha hasara ndogo zitokanazo na mafungu kuwa na mwisho.

Mtu makini atauliza: si kila hatua ingeweza kurudia kutuma zilizopotea bila kusimba chochote? Ingeweza, na mitandao mingi isiyotumia waya inafanya hivyo. Ila kurudia kunahitaji uthibitisho wa kila pakiti katika kila hatua. Pale uthibitisho unapochelewa, unapopotea, au unapotakiwa kutoka kwa wapokeaji hamsini kwa pamoja, kusimba kunashinda.

## Na kwenye mitandao isiyotumia waya?

Hapo ndipo panapoupenda usimbaji zaidi, kwa sababu hewa ni ya wote: kinachotumwa kwa mmoja kinasikika na jirani zake.

Mfano mdogo kabisa una vituo viwili visivyosikiana na kipeperushi kati yao, yaani kituo kinachopokea na kutuma tena. Kila kituo kinataka kumtumia mwenzake pakiti moja. Kwa kawaida ni safari nne: wa kwanza kwenda kati, kati kwenda kwa wa pili, kisha kinyume chake. Kwa usimbaji ni tatu: kila mmoja anatuma kwa kipeperushi, kipeperushi kinatangaza XOR ya zote mbili, na kila upande unatoa ya mwenzake kwa kutumia ya kwake, ambayo bila shaka bado anayo. Kuna watafiti waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2006 Zhang, Liew na Lam walipendekeza vituo vitume kwa wakati mmoja na kipeperushi kiyatumie mawimbi yaliyogongana hewani kama mchanganyiko wenyewe. Safari zinabaki mbili, lakini ulinganifu wa muda na awamu ya mawimbi unaohitajika si wa kuchezea.

Jaribio lililofahamika zaidi ni COPE, la Katti, Katabi na wenzao, lililotolewa mwaka 2006 likiwa na nodi 20. Kila nodi ilisikiliza majirani, ikatunza ilichosikia, na kuchagua pakiti za kuunganisha kwa XOR kulingana na nani ana nini. Trafiki ya UDP, itifaki inayotuma bila kusubiri uthibitisho, ilipozidi uwezo wa mtandao, kiasi cha data kilichofika kiliongezeka mara tatu hadi nne. Watu hupenda kuinukuu namba hiyo peke yake. Inayofaa kusomwa pamoja nayo ni ya TCP, itifaki inayohakikisha kila pakiti imefika: vituo visivyosikiana vilipokuwa vikigonganisha pakiti zao, faida ilikuwa asilimia mbili au tatu tu, kwa sababu TCP ilipunguza kasi kiasi kwamba foleni hazikuwa na pakiti za kuchanganya. Bila foleni hakuna cha kusimba.

## Je, unafanya kazi pamoja na TCP?

Unaweza, ila si kwa kuubandika tu. TCP ya zamani inachukulia kila pakiti iliyopotea kuwa dalili ya msongamano, na inaupunguza mwendo kwa nusu. Kwenye kiungo cha redio au cha setilaiti pakiti inaweza kupotea kwa kelele tu, bila msongamano wowote, na TCP inajiadhibu bure. Setilaiti iliyo kwenye obiti ya kilomita 35,786 inafanya kwenda na kurudi kuchukue zaidi ya nusu sekunde, kwa hiyo kupona nako kunachukua muda mrefu.

Mwaka 2009 Sundararajan na wenzake walipendekeza tabaka jembamba la usimbaji kati ya TCP na IP, itifaki inayopitisha pakiti kwa anwani. Ugumu ulikuwa kwenye uthibitisho: mpokeaji aliyepata mchanganyiko wa P1 na P2 bado hajafungua hata moja, sasa athibitishe nini? Jibu lao ni kuthibitisha kwamba P1 "imeonekana", maana mlinganyo mmoja umepunguza kisichojulikana kimoja. Mlinganyo wa pili ukija, P2 imeonekana. TCP inaona uthibitisho ukitiririka kwa mpangilio na haishtuki. Mtumaji naye anaongeza michanganyiko ya ziada kulingana na upotevu: kama 10% zinapotea, kwa kila pakiti 1 anatuma wastani wa 1.11.

Tahadhari yangu ni hii. Ukiificha TCP upotevu wote, umeuficha pia ule unaotokana na msongamano wa kweli, na trafiki yako itawasukuma wengine pembeni. Kiwango cha ziada kifuate upotevu wa kelele uliopimwa, na kiwe na kikomo.

## Fungu liwe na pakiti ngapi?

Fungu dogo linafunguka haraka, lakini linaathirika zaidi na bahati mbaya ya upotevu. Fungu kubwa linasawazisha bahati, ila mpokeaji anasubiri zaidi, hesabu zinaongezeka, na vizidishi vinakula nafasi. Kwenye uga wa 256, fungu la 32 linabeba baiti 32 za vizidishi, ambazo kwa pakiti ya baiti 1,400 ni takriban 2.3%. Fungu la 256 linabeba baiti 256, karibu 18%, na hapo unaanza kulipa zaidi ya unachookoa. Unaweza kutuma mbegu, yaani namba ya kuanzishia, ya kizalishi cha namba za nasibu badala ya orodha nzima, lakini njia hiyo inavunjika nodi ya katikati ikisimba upya.

Kwa sauti na video za moja kwa moja, achana na mafungu, tumia dirisha linalosogea: kila mchanganyiko unahusisha pakiti chache za karibuni, na dirisha linasonga mbele kadiri zinavyothibitishwa. RFC 8681 ya Januari 2020, hati ya kiufundi ya intaneti, inaeleza msimbo wa aina hiyo kwa ulinzi wa mwanzo hadi mwisho. Njia nyingine inayosaidia sana ni kutuma kwanza pakiti za asili zikiwa hazijachanganywa, kisha michanganyiko kwa ajili ya kujazia. Isipopotea hata moja, mpokeaji hafanyi hesabu yoyote.

## Hesabu zote hizi hazitazimaliza betri na kichakataji?

Hesabu ni nyingi, tusidanganyane. Kusimbua fungu la 64 kunahitaji takriban kuzidisha na kujumlisha mara 64 kwa kila baiti inayotoka. Kwa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, yaani baiti milioni 125, hiyo ni operesheni bilioni 8 kila sekunde. Vichakataji vya sasa vinafanya 16 au 32 kwa mpigo mmoja kwa kutumia maelekezo ya SIMD (amri moja inayofanya hesabu kwa data nyingi kwa pamoja) na majedwali madogo ya kuzidishia, kwa hiyo kompyuta ya kawaida inaimudu kazi hiyo. Kihisi kinachotumia betri ndogo ni habari nyingine. Huko tumia fungu la 8 au 16, au uga wa 2, na kumbuka kwamba kuwasha redio mara nyingi kunakula umeme kuliko kukokotoa. Kinachopaswa kupimwa ni umeme wa kifaa kizima.

## Pakiti zikichanganywa, data inakuwa siri?

Kidogo tu, usitegemee. Anayechungulia kiungo kimoja anaona michanganyiko asiyoweza kuifungua, lakini anayepata ya kutosha anafungua kama mpokeaji halali, kwa sababu vizidishi vinasafiri wazi. Cai na Yeung walionyesha mwaka 2002 jinsi ya kuongeza namba za nasibu ili mchunguliaji wa viungo vichache asijue chochote, kwa gharama ya kupunguza kasi. Kwa matumizi ya kawaida, ficha data kwa njia zilizozoeleka kwanza, ndipo uisimbe.

Tatizo la usalama lililo zito zaidi liko upande wa pili. Nodi mbaya ikiingiza pakiti moja ya uongo, nodi nyingine zitaichanganya na pakiti halali, na uchafu utasambaa. Pakiti moja inaweza kuharibu fungu zima, na mpokeaji asijue mpaka amalize kusimbua. Sahihi za kidijitali za kawaida hazisaidii kwa sababu kila mchanganyiko mpya ungehitaji kusainiwa upya na mtumaji wa asili. Zipo sahihi na heshi (alama fupi za utambulisho zinazokokotolewa kutokana na data) maalumu zinazobaki halali hata baada ya kuchanganywa. Mwaka 2004 Krohn, Freedman na Mazières walitoa moja kwa ajili ya misimbo ya kusambaza mafaili. Hesabu zake ni nzito. Kwenye mtandao ambao nodi zote ni zako, ulinzi wa kila kiungo kwa funguo za pamoja unatosha. Kwenye mtandao ambao yeyote anaweza kujiunga, usisimbe upya bila ukaguzi wa aina hii.

## Una matumizi nje ya kusafirisha data?

Ndiyo, kwenye hifadhi. Tuseme faili la megabaiti 2 limesambazwa kwenye seva nne, kila moja ikiwa na megabaiti 1, na seva mbili zozote zinatosha kulirudisha. Seva moja ikifa, njia ya kawaida ni kupakua megabaiti 2 kutoka kwa mbili ili kutengeneza 1 iliyopotea. Dimakis na wenzake, katika makala ya 2010, walionyesha kwamba seva tatu zilizobaki zikichanganya vipande vyao kabla ya kutuma, megabaiti 1.5 zinatosha. Kwenye vituo vya data vinavyokarabati diski kila siku, robo hiyo ina uzito.

Kwenye kugawana mafaili, Gkantsidis na Rodriguez wa Microsoft Research walipendekeza mwaka 2005 mfumo ambao kila kompyuta inasimba upya vipande ilivyo navyo, ili pasiwe na kipande adimu ambacho wote wanakisubiri. Bram Cohen, mtunzi wa BitTorrent, aliukosoa hadharani. Hoja nzito upande wa wakosoaji ni kwamba kuomba kwanza kipande kilicho adimu, kama BitTorrent inavyofanya, tayari kunaondoa sehemu kubwa ya tatizo.

## Kama ni mzuri hivi, kwa nini haujaenea kwenye intaneti yote?

Kwa sababu viungo vya nyaya vya intaneti hupoteza pakiti chache mno kwa kelele, na ruta kubwa zimejengwa kusoma vichwa vya pakiti kwa kasi, si kuzidisha yaliyomo. Kuna pia hataza nyingi zilizosajiliwa, ambazo zimewafanya baadhi ya watengenezaji wasubiri. Tena trafiki iliyosimbwa fiche na inayopita njia tofauti haitoi nafasi nyingi za kuchanganya.

Umepata makao pembezoni: mitandao ya redio ya hatua nyingi, setilaiti, utangazaji kwa wapokeaji wengi. Mwaka 2013 usimbaji wa XOR kwa vituo vitatu uliingizwa katika kiini cha Linux kupitia moduli ya batman-adv, inayoshughulikia mitandao ya redio ya hatua nyingi.

## Nikitaka kujaribu, nianzie wapi?

Anza kwa kuupima mtandao wako kabla ya kuandika programu. Upotevu uko wapi, hatua ya ngapi, na ni wa kelele au wa foleni kujaa? Kama ni wa foleni kujaa, acha kwanza, rekebisha foleni.

Kisha andika programu ndogo ya kuigiza mtandao: mtumaji, nodi moja ya kati, mpokeaji, na upotevu unaouweka mwenyewe. Uga wa 256, fungu la 32. Linganisha hali tatu, si mbili: kurudia kutuma kwa kawaida, kusimba mwanzoni tu, na kusimba upya katikati. Wengi huiacha ile ya pili, kisha wanausifu usimbaji wa mtandao kwa faida ambayo msimbo wa kawaida ungewapa.

Pima pia muda ambao kila pakiti inachukua mpaka ifunguke, na usiangalie wastani peke yake. Angalia zile 1% zilizochelewa zaidi, kwa sababu mtumiaji wa simu ya video analalamikia hizo. Na hakikisha nodi ya kati inatuma mara inapopata kitu. Kosa la kawaida katika programu za kwanza ni kuifanya isubiri fungu likamilike, na hapo kila hatua inaongeza ucheleweshaji wa fungu zima.